Mla Jana Kala Nini? Historia ya Chaza Kutoka Chakula cha Mkokoteni Hadi Sahani ya Matajiri

Wahenga walisema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Msemo huu humkumbusha mtu kwamba shibe ya jana haitulizi njaa ya leo. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, nusu yake ya pili ni swali halali la utafiti. Jana alikula nani? Alikula nini? Na kwa nini leo hali kitu kile kile? Katika makala haya ninalichukua swali hilo na kuliweka mbele ya chakula kimoja, chaza, na mbele ya aina moja ya mgahawa ambayo imekuwa ya kifahari katika miji mikubwa ya Marekani: mgahawa wa chaza wenye mtindo wa Kifaransa, unaouza vyakula kwa sahani ndogo ndogo. Hoja yangu ni kwamba bei ya chaza katika mgahawa huo haikutokana na utamu wake wala na ubora wa ulimi wa mlaji. Imetengenezwa na historia ya ufukwe, ya majitaka, ya sheria, na ya watu waliofanya kazi kisha majina yao yakasahauliwa.

Kwa wasomaji wa bara, chaza ni kiumbe wa baharini mwenye makombe mawili magumu, anayeng'ang'ania mwamba, mzizi wa mkoko au kombe la chaza mwenzake. Hali kwa kuwinda. Huvuta maji, huchuja vijidudu na chembechembe zilizomo, kisha huyarudisha maji baharini. Chaza mmoja mkubwa, katika mazingira mazuri, anaweza kuchuja lita zipatazo 190 kwa siku. Naomba msomaji akumbuke tabia hii ya kuchuja, kwa sababu ndani yake mna karibu kisa chote.

Miaka michache iliyopita nilikuwa New York kwa ajili ya kongamano la kitaaluma, na jioni moja wenyeji wetu walitupeleka kula katika mgahawa wa namna hiyo. Palikuwa na kaunta ndefu ya madini inayong'aa, lundo la barafu, malimau yaliyokatwa, na bakuli dogo la siki iliyochanganywa na vitunguu na pilipili manga, kama inavyoandaliwa Ufaransa. Sahani ziliwasili moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na vipande vichache: figili na siagi, dagaa wa kopo juu ya mkate, nyama mbichi iliyokatwakatwa. Chaza waliuzwa mmoja mmoja, dola 4 kila mmoja. Chaza sita, ambao hawamshibishi mtoto, walizidi shilingi elfu hamsini za kwetu. Mhudumu alitueleza kwa ufasaha ghuba ya kila chaza: huyu wa Maine, huyu wa Massachusetts, huyu wa Long Island. Orodha ilitaja ghuba nane. Haikutaja mtu hata mmoja. Waliokuwa wakifungua makombe nyuma ya kaunta walisemezana Kihispania kwa sauti ya chini.

Tuanze na mji wenyewe.

Mji uliokula chaza kama sisi tulavyo mihogo

Kabla Waholanzi hawajafika katika karne ya 17, watu wa Lenape walikuwa wakila chaza wa maeneo hayo kwa maelfu ya miaka. Waliacha marundo makubwa ya makombe ambayo wanaakiolojia wanayachimba hadi leo. Barabara ya Pearl, katika ncha ya kusini ya Manhattan, jina lake linahusishwa na makombe hayo yaliyokuwa yametapakaa ufukweni.

Katika karne ya 19 New York ulikuwa mji wa chaza. Waliuzwa kwenye mikokoteni mitaani, kwenye majahazi yaliyofungwa gatini, na katika migahawa ya chini ya ardhi iliyotambulishwa kwa taa nyekundu mlangoni. Katika mtaa wa Canal palikuwa na utaratibu uliojulikana na kila mtu: unalipa senti 6, unakula chaza mpaka utosheke. Kibarua wa bandarini alikula chaza. Mwanasheria alikula chaza. Tofauti yao ilikuwa kiti walichokalia na kitambaa walichojifutia midomo.

Si New York peke yake. Katika London ya wakati wa Charles Dickens, chaza walikuwa chakula cha vibanda vya mitaa ya maskini, na riwaya yake ya kwanza inalitania jambo hilo waziwazi. Kwa hiyo anayedhani kwamba chaza ni chakula cha anasa kwa asili yake, amesoma ukurasa wa mwisho wa kitabu na kuuita dibaji.

Thomas Downing wa Broad Street

Mgahawa wa chaza wa hadhi, wenye mazulia, vioo na taa za kuning'inia, una mwanzilishi ambaye historia inamfahamu vizuri, ingawa walaji wengi hawamjui. Thomas Downing alizaliwa mwaka 1791 huko Chincoteague, Virginia, mwana wa wazazi weusi waliokuwa wameachwa huru kutoka utumwani. Alikulia katika ufukwe ambako kuvua chaza ilikuwa kazi ya kila siku. Akahamia Philadelphia, kisha New York mwaka 1819, na mwaka 1825 akafungua mgahawa wake katika nambari 5, Broad Street, hatua chache kutoka mabenki na soko la hisa.

Mwaka huo una uzito wake. Utumwa katika jimbo la New York ulikomeshwa rasmi tarehe 4 Julai 1827. Maana yake ni kwamba Downing alifungua mlango wa biashara yake katika jimbo ambalo bado lilikuwa na watumwa. Aidha, katiba ya jimbo ya mwaka 1821 ilikuwa imeondoa sharti la mali kwa wapigakura Wazungu wanaume karibu wote, lakini ikambakizia mwanamume mweusi sharti la kumiliki mali ya thamani ya dola 250 ndipo apige kura. Downing aliwalisha wabunge, majaji na wafanyabiashara wa nchi ambayo sheria yake ilimwona kuwa raia nusu.

Alijua kazi yake. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitoka usiku kwa mashua kuwalaki manahodha kabla hawajafika gatini, ili achague chaza bora na kuwalipa vizuri. Alituma chaza wa siki hadi Ulaya, na Malkia Victoria alimtumia saa ya dhahabu kwa shukrani. Chaza yule yule aliyeuzwa mkokotenini, Downing alimpandisha hadhi kwa usafi, mapishi na mandhari. Kama leo tunaingia katika mgahawa wa chaza wenye mwanga hafifu na kaunta inayong'aa tukadhani tumeingia Paris, basi tukumbuke kwamba mmoja wa wasanifu wa mapema wa mandhari hayo alikuwa mwana wa watumwa walioachwa huru kutoka pwani ya Virginia.

Kulikuwa na jambo jingine. Mwanawe, George, aliyekuja kuwa mwanaharakati mashuhuri, alieleza kwamba vyumba vya chini vya mgahawa ule vilitumika kuwaficha watumwa waliotoroka kutoka majimbo ya kusini wakiwa njiani kwenda Kanada. Fikiri hali hiyo: juu, wafanyabiashara wa pamba wanakula chaza, chini ya miguu yao wamejificha watu waliokimbia mashamba ya pamba. Downing mwenyewe alikuwa mwanachama wa vyama vya kupinga utumwa, alipigania shule za watoto weusi, na aliwahi kupigwa kwa kuthubutu kupanda behewa lililotengwa kwa Wazungu. Alipofariki mwezi Aprili 1866, chama cha wafanyabiashara cha New York kilifunga ofisi zake kwa heshima yake. Baada ya hapo jina lake likafifia kwa zaidi ya karne moja.

Hakuwa peke yake. Katika kisiwa cha Staten, wavuvi weusi huru kutoka Maryland walianzisha makazi yaitwayo Sandy Ground kuanzia miongo ya 1830 na 1840. Walikuwa wanakimbia sheria za Maryland zilizowabana watu weusi huru katika kuongoza vyombo vya majini. Sandy Ground wakanunua ardhi, wakajenga kanisa, wakamiliki mashua. Kwa watu waliotoka katika nchi ya utumwa, chaza walikuwa njia ya kujitegemea: huhitaji bwana shamba, huhitaji mtaji mkubwa, unahitaji mashua, makoleo marefu, na haki ya kufika majini.

Haki ya kufika majini. Hapa ndipo siasa ilipojificha.

Bahari haikunyimwa, ilichafuliwa

Chaza wa New York waliondokaje? Uvuvi kupita kiasi ulichangia. Kufikia katikati ya karne ya 19 makazi mengi ya asili yalikuwa yamechokwa, na wavuvi walikuwa wakipandikiza chaza wachanga kutoka kwingine. Lakini pigo la mwisho lilitoka nchi kavu. Mji ulikua, ukajenga mabomba ya majitaka, na mabomba yale yakamwaga kila kitu bandarini bila kusafishwa. Viwanda navyo vikaongeza vyao. Chaza, kwa tabia niliyoitaja, akaendelea kuchuja. Alichuja vimelea vya homa ya matumbo kama anavyochuja chakula chake, kisha akaliwa mbichi.

Mwishoni mwa 1924 na mwanzoni mwa 1925, homa ya matumbo iliyotokana na chaza waliochafuliwa ilizuka katika miji kadhaa, ikiwamo Chicago, New York na Washington. Zaidi ya watu 1,500 waliugua, na takriban 150 walifariki. Serikali ya shirikisho ikaitisha mkutano mwaka 1925, na ukazaliwa mpango wa taifa wa usalama wa chaza na jamii yake: kukagua maji, kuwapa wauzaji vyeti, kufuatilia kila mzigo ulikotoka. Hata yale majina ya ghuba ambayo mhudumu huyakariri leo kama mashairi yana upande wake wa kiserikali, kwani sheria inataka kila gunia liwe na lebo ya mahali lilipovunwa.

Kwa bandari ya New York mambo yalikuwa yamechelewa. Ilipofika mwaka 1927, vitalu vya mwisho vya chaza vilifungwa. Mji uliokula chaza kwa senti 6 ukabaki bila chaza wake. Wavuvi wa Sandy Ground walikuwa wameshaanza kupoteza riziki miaka ya nyuma, vitalu vyao vilipopigwa marufuku na maofisa wa afya. Msomaji mtumishi wa umma anisikilize vizuri hapa. Maofisa wale walifanya jambo sahihi kuwalinda walaji. Lakini gharama ya miongo ya kutojenga mitambo ya kusafisha majitaka hawakuilipa waliomwaga uchafu. Ililipwa na waliokuwa wanavuna. Tajiri alipoona chaza wa bandarini ni hatari, aliagiza wengine kutoka mbali na akalipia usafiri na barafu. Maskini hakuagiza. Aliacha kula.

Hivi ndivyo chakula cha wote kilivyogeuka kuwa cha wachache. Hakuna tangazo lililotolewa wala amri iliyotiwa saini. Palikuwa na bomba, na ukimya wa wenye mamlaka juu ya bomba hilo.

Ufaransa: dola, mwashi na wanawake wenye suruali

Sasa tuvuke bahari hadi huko ambako mtindo wa mgahawa unadai asili yake. Ufaransa chaza walikuwa na nyuso mbili tangu zamani. Mwaka 1735 mchoraji Jean-François de Troy alimchorea Mfalme Louis wa 15 picha ya mabwana wakila chaza. Makombe yametupwa sakafuni na chupa za mvinyo zinafunguliwa. Picha hiyo ilitundikwa Versailles, na leo imehifadhiwa Chantilly. Lakini wakati huo huo watu wa vijiji vya pwani walikuwa wakiokota chaza kwa miguu maji yalipokupwa, kama mama zetu wa Unguja, Mafia na Kilwa wanavyoshuka pwani siku za bamvua.

Kufikia katikati ya karne ya 19 makazi ya asili ya chaza wa Ufaransa yalikuwa yamevuliwa hadi kukaribia kuisha. Hapo dola iliingilia kati. Victor Coste, profesa wa Collège de France, alikuwa ameona nchini Italia namna watu wa ziwa Fusaro walivyowakuza chaza kwa kutumia vijiti na mawe. Akamshawishi Mfalme Napoleon wa 3 agharimie majaribio. Jaribio la ghuba ya Saint-Brieuc, lililoanza 1858, lilitoa matumaini kisha likashindwa. Lile la Arcachon, kusini-magharibi, likafanikiwa.

Wanafunzi wangu hupenda sehemu hii ya kisa kwa sababu inamhusu profesa aliyehitaji msaada. Chaza wachanga walikubali kushika kwenye vigae vilivyowekwa majini, lakini kila walipobanduliwa walivunjika. Suluhisho la Arcachon, la mwaka 1865 hivi, linahusishwa na fundi mwashi aitwaye Jean Michelet: paka vigae chokaa kwanza. Chaza hushika kwenye chokaa, na chokaa hubanduka bila kumuumiza. Ufugaji wa chaza wa Ufaransa ulisimama juu ya ujuzi wa mtu aliyezoea kuchanganya chokaa na mchanga. Kazi ya vitalu nayo ilibebwa kwa sehemu kubwa na wanawake, ambao huko Arcachon walijulikana kwa kuvaa suruali matopeni, katika enzi ambayo mwanamke kuvaa suruali ilikuwa ni kashfa.

Jambo la kisheria lina uzito kuliko yote. Nchini Ufaransa, kwa mapokeo yanayorudi hadi amri ya bahari ya mwaka 1681, ufukwe unaofunikwa na maji ni mali ya umma. Mfugaji hamiliki kitalu chake. Hupewa kibali na dola kwa muda na kwa masharti. Mwananchi wa kawaida naye bado ana ruhusa, ndani ya mipaka ya kiasi na majira, kushuka pwani na kuokota chakula chake kwa miguu. Ndiyo maana katika vijiji vya Arcachon mfugaji huweza kukuuzia chaza kibandani kwake, pamoja na mkate, siagi na glasi ya mvinyo, kwa bei ambayo mwalimu wa shule anaimudu. Chaza huko wana heshima kubwa, hasa msimu wa Krismasi na Mwaka Mpya, lakini hawajaondoka kabisa mikononi mwa watu.

Sipendi kuipamba Ufaransa. Dola ile ile iliyolinda ufukwe wake ilikuwa ikipora fukwe za watu wengine Afrika na Asia. Na hata huo "Ufaransa" wa chaza una kejeli yake. Mwaka 1868 meli iitwayo Morlaisien, iliyobeba chaza kutoka Ureno, ilikwama kwa dhoruba katika mlango wa Gironde, na mzigo ukatupwa majini kwa kudhaniwa umeoza. Haukuwa umeoza. Chaza wale wakazaana na kuenea, na baada ya ugonjwa kuwaua kwa wingi chaza wa asili mwanzoni mwa miaka ya 1920, wao ndio waliotawala. Kati ya 1970 na 1973 nao wakateketezwa na maradhi. Wafugaji wakaleta jamii ya Japani, mingine ikipitia Kanada, na hiyo ndiyo inayofugwa kwa wingi Ufaransa hadi leo. Kwa hiyo chaza anayeitwa Mfaransa katika Paris ni mjukuu wa mhamiaji, na mgahawa wa "Kifaransa" wa New York huuza chaza wa Marekani ndani ya ukumbi ambao hadhi yake ilijengwa na mtu mweusi. Kilicho cha Kifaransa hapo ni siki na lafudhi.

Sahani ndogo kama hati ya kihistoria

Nimesema nitaeleza bei. Nadhani sababu ni tatu, na zinafuatana. Mosi, rasilimali ya wote ilivunwa bila mipaka mpaka ikachoka. Pili, dola ikaruhusu maji ya umma yawe dampo, na hivyo njia ya maskini ya kujipatia chakula ikafungwa kwa jina la afya. Tatu, uhaba ulipokwisha kutengenezwa, ukapambwa. Kidogo kikaitwa umaridadi. Sahani ndogo, iliyokuwa alama ya kukosa, ikawa alama ya kuchagua.

Sina ugomvi na anayekula huko. Nilikula, na chaza walikuwa watamu. Ninachokipinga ni usahaulifu unaouzwa pamoja na chakula. Orodha inayotaja ghuba bila kutaja watu humfanya mlaji aamini kwamba bahari ilimletea chakula moja kwa moja.

Mwaka 2014, huko New York, ulianzishwa mradi unaolenga kurudisha chaza bilioni moja bandarini ifikapo 2035. Migahawa hukusanya makombe yaliyobaki, yanaanikwa, kisha yanarudishwa majini yawe mwamba wa kushikiwa na chaza wachanga, na wanafunzi wa shule za mji hushiriki kazi hiyo. Baada ya sheria ya maji safi ya mwaka 1972, maji ya bandari yamekuwa bora zaidi. Hata hivyo, chaza hao hawaruhusiwi kuliwa. Wako pale kusafisha na kukinga mawimbi. Karibu miaka mia moja tangu vitalu vifungwe, mji tajiri kuliko mingi duniani bado haujaweza kumrudishia kibarua chakula chake cha senti 6. Kuharibu kulikuwa rahisi, kurudisha ni kazi ya vizazi.

Na sisi?

Baadhi ya wasomaji watauliza chaza wa New York wanatuhusu nini. Jibu langu ni kwamba sisi tuko katikati ya kisa hicho hicho, tukiwa kwenye kurasa za mapema.

Watu wa kanda ya Ziwa wanajua neno mapanki. Samaki sangara aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita alikuja kuwa bidhaa kubwa ya kusafirishwa Ulaya. Minofu ikapanda ndege, na mifupa yenye mabaki ya nyama ikauzwa kwa wananchi. Pweza wa pwani yetu naye anakwenda katika soko hilo la nje, na siku hizi huliwa kwa sahani ndogo ndogo Hispania na Italia. Anayemchokoa kwenye miamba, mara nyingi mwanamke mwenye mtoto mgongoni, hupokea sehemu ndogo ya bei. Sisemi tuache kuuza nje. Nasema tuhesabu nani anaacha kula ili tuuze.

Halafu kuna maji. Anayevuka daraja la Selander jijini Dar es Salaam maji yakiwa yamekupwa, anajua harufu ya Mto Msimbazi unapoingia baharini. Tunalizungumzia jambo hilo kama suala la mafuriko au la mandhari ya jiji. Historia ya New York inatufundisha kwamba ni suala la chakula pia, na la tabaka. Bomba la majitaka ni sera ya lishe, hata kama hakuna waziri aliyelitangaza hivyo.

Kuna na ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inatambua vikundi vya wananchi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU. Kwenye karatasi, basi, ufukwe wetu una ulinzi na wenyewe. Lakini mwanamke wa kijijini anayekuta uzio wa hoteli katika njia aliyopita bibi yake kwenda kuokota kombe, huisoma sheria hiyo kwa miguu yake, na anachosoma mara nyingi hakifanani na kilichochapishwa.

Kwa wanafunzi, nawaombeni muandike historia hizi kabla wenye kumbukumbu hawajaondoka: ni chakula gani kilikuwa cha kila mtu katika wilaya yako miaka hamsini iliyopita, na leo kinauzwa wapi, kwa nani? Kwa wanaharakati, dai la njia ya kufika pwani lina hadhi sawa na dai la mshahara, kwa kuwa kwa maelfu ya kaya pwani ndiyo mshahara. Na kwa watumishi wa umma, mafaili ya vibali vya ufukweni na ya majitaka yaliyolala mezani kwenu yana watu ndani yake. Ofisa aliyefunga vitalu vya Sandy Ground alikuwa na haki kisayansi. Waliomtangulia kwa miaka arobaini na wasifanye chochote ndio waliokosea, na majina yao hayakumbukwi na mtu.

Mla jana alikula chaza, akashiba, akalipa senti 6. Mla leo analipa dola 4 na bado ana njaa. Mla kesho wa Kilwa, wa Mafia na wa Mwanza atakula nini, hilo bado halijaandikwa.